UNAFUNGIA ODA KITANDANI? Panga sehemu yako ya kazi kama mwanafunzi wa ubunifu wa ndani

Leo tuambiane ukweli. Oda zako unafungia wapi? Kitandani? Sakafuni sebuleni, umepiga magoti, selotepu umeibana kwa meno? Viatu viko uvunguni, mabegi yako juu ya kabati, mifuko iko jikoni, kalamu imeondoka na mtoto, na boda yuko nje anapiga honi.

Wengi wetu tunajiambia, "Bado biashara ndogo, nikipata fremu nitajipanga." Sasa subiri kidogo. Gharama ya kutojipanga haisubiri fremu, unailipa leo. Mteja wa namba 39 katumiwa 38. Gauni la rangi ya maziwa limeonekana jeupe kwenye picha, mteja kalikataa, na nauli ya boda kwenda na kurudi imetoka mfukoni kwako. Mgongo unauma. Na watu unaoishi nao wamechoka kuruka maboksi kila wakienda bafuni.

Kuna watu wanaosomea kabisa jinsi ya kutatua jambo hili. Ni wanafunzi wa ubunifu wa mambo ya ndani. Hapa kwetu Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada yake. Leo tunaazima njia wanayotumia kubuni sehemu za kazi za kisasa, halafu tunaileta kwenye chumba chako hicho hicho, hata kama ni cha mita tatu kwa tatu na nusu yake ni kitanda.

ANAANZIA WAPI?

Watu wengi wanadhani ubunifu wa ndani ni mapazia, rangi na maua ya plastiki. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri, akipewa kazi ya kubuni ofisi, rangi anaigusa mwishoni kabisa. Kwanza anakaa pembeni na daftari anatazama watu wakifanya kazi. Ana maswali manne:

- Nani anafanya kazi hapa, na nani mwingine anaitumia nafasi hii?
- Anafanya nini, kwa kufuata mpangilio gani?
- Mara ngapi kwa siku?
- Vitu gani lazima viwe karibu na mkono wake?

Akishapata majibu ndo anashika penseli. Ubunifu wenyewe ndo huo: chumba kinaifuata kazi. Sisi wengi tunafanya kinyume, yani kazi inahangaika kukifuata chumba.

Njia hii ina umri mkubwa. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alipewa kazi ya kubuni jiko la nyumba za watu wa kipato cha kawaida katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Nafasi ilikuwa finyu, kama mita 1.9 kwa 3.4. Hakuanza na urembo. Alipima kwa saa muda wa kila kazi ya jikoni, akaangalia hatua ambazo mama anapiga bure, akasoma pia jinsi majiko ya kwenye mabehewa ya treni yalivyobanwa vizuri. Kila kitu akakiweka pale kinapohitajika. Majiko ya aina ile yalijengwa kama 10,000 hivi, na mpaka leo makabati ya jikoni ya kisasa yanafuata mawazo yake.

Tuje kwa muuzaji wa mtandaoni mwenzetu. Jeff Bezos wa Amazon amesimulia mwenyewe kwamba siku za mwanzo walikuwa wanafunga vitabu wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya zege. Magoti yakauma. Yeye akaona suluhisho ni kununua vilinda magoti. Mwenzake aliyekuwa anafunga naye akamwambia wanachohitaji ni meza za kufungia. Wakanunua meza, na kazi ikaenda kasi zaidi. Na meza zao za ofisini? Waliweka milango ya mbao juu ya miguu ya mbao, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko meza za dukani.

Umeona hapo? Kilichowasaidia ni kuitazama kazi upya. Sasa twende kwako, hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: JIFUATE MWENYEWE SIKU MOJA

Chagua siku yenye oda za kutosha. Usibadilishe kitu chochote. Chukua daftari, na kuanzia mteja anaposema "nimeshalipia" mpaka boda anaondoka, andika: umesimama wapi, umeenda wapi, umetafuta nini, dakika ngapi.

Kisha chora chumba chako kwa mkono, ovyo ovyo tu, na uchore mstari kila ulipopita. Toka uvunguni kwenda kabatini, kabatini kwenda jikoni, jikoni kurudi kitandani. Ukimaliza oda tano, mchoro utafanana na bakuli la tambi. Hizo tambi ndo pesa yako na nguvu zako.

Tufanye mfano wa hesabu. Kama oda moja inakuchukua dakika 12, na 5 kati ya hizo ni za kutafuta mkasi, mfuko na kalamu, basi kwenye oda 10 umepoteza dakika 50. Karibu saa nzima kila siku, na hujamjibu mteja hata mmoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muda nao ni hivyo hivyo.

HATUA YA 2: CHORA MIDUARA KABLA YA KUSOGEZA MEZA

Wanafunzi wa ubunifu wana mchoro mmoja wanaoupenda sana. Hawachori meza wala kuta. Wanachora miduara, kila mduara ni kazi moja. Kwa muuzaji wa mtandaoni miduara huwa sita:

1. Kupokea na kukagua mzigo
2. Kuhifadhi
3. Kupiga picha
4. Kujibu wateja na hesabu
5. Kufunga oda
6. Kutoa oda kwa boda au wakala wa basi

Kazi zinazotegemeana sana ziunganishe kwa mstari mnene. Kuhifadhi na kufunga: mnene. Kufunga na kutoa: mnene. Kupokea na kupiga picha: mnene, maana nguo mpya ipigwe picha kabla haijazama kwenye kapu. Kazi zisizopatana ziweke mbali. Kujibu wateja kwa sauti na televisheni ya sebuleni havipatani. Nguo na moshi wa jikoni havipatani kabisa.

Kanuni ni hii: mzigo uende mbele tu. Unaingia mlangoni, unakaguliwa, unapigwa picha, unahifadhiwa, unafungwa, unatoka. Ukiona mzigo unarudi nyuma mara mbili tatu, mpangilio una kasoro.

Na usisahau mduara wa saba ambao wengi hawana: mizigo iliyorudi. Itafutie kapu lake peke yake lenye rangi tofauti. Kiatu kilichorudishwa kwa kuchanika kikichanganyika na vizima, kesho utamtumia mteja mwingine, na huyo hatarudi tena.

HATUA YA 3: TENGA YA NJE NA YA NDANI

Hapa hatuhitaji kwenda Ulaya. Nyumba za mawe za zamani za Lamu na Zanzibar zilishalitatua jambo la biashara nyumbani. Mfanyabiashara alimpokea mgeni barazani au kwenye daka, pale pale mlangoni. Mazungumzo na makubaliano yaliishia huko. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo nafasi inavyozidi kuwa ya familia. Na ukutani walijenga zidaka, vile vishubaka vya kuwekea sahani na vyombo vya thamani, kwa hiyo ukuta wenyewe ukawa sehemu ya kuweka vitu bila kula sakafu.

Chukua mawili hapo. La kwanza: boda asipite chumbani kwako. Oda zilizokwisha kufungwa zikae karibu na mlango, kwenye kikapu kimoja, zimeandikwa jina, namba ya simu na eneo. Akija, unampa, anaondoka. La pili: ukuta ni mali. Sakafu ikijaa, angalia juu. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Akikataa, tumia rafu za kusimama zenyewe, au mifuko ya kuning'iniza nyuma ya mlango.

Kuna jambo jingine hapa ambalo mbunifu hulichukulia kwa uzito: nafasi hiyo si yako peke yako. Mume au mke, watoto, mdogo wako anayesoma, mama aliyekuja kutibiwa, wote wanaitumia. Kaa nao, waulize kinachowakera. Pengine wanataka tu meza ya chakula iwe wazi kufikia saa 12 jioni. Basi panga iwe hivyo: kila kitu cha kazi kiingie kwenye boksi mbili, au pazia livutwe, duka limefungwa. Biashara inayogombanisha nyumba ina gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari.

HATUA YA 4: CHORA CHUMBA KWA KIPIMO

Azima futi kamba. Pima urefu na upana wa chumba, mlango unafungukia wapi, dirisha liko wapi, soketi ziko wapi. Kwenye karatasi ya A4, kila mita 1 ya chumba iwe sentimita 5. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitakuwa mraba wa sentimita 15 kwa 15.

Sasa kata vipande vya karatasi vya fanicha zako kwa kipimo hicho hicho. Kitanda cha futi tano kwa sita ni kama sentimita 7.5 kwa 9. Meza, kabati, kapu, vyote. Visogeze kwenye karatasi mpaka miduara yako sita ipate pa kukaa. Kusogeza kitanda cha karatasi hakuumizi mgongo wala hakuamshi mtoto.

Acha njia ya kutosha kupita na boksi mkononi, kama sentimita 90 hivi. Ikishindikana, angalau njia ya kwenda mlangoni isiwe na kitu hata kimoja. Hili ni suala la usalama: maboksi, nailoni na nguo hushika moto haraka. Usiyapange karibu na jiko la gesi, na usichomeke chaja, pasi na taa zote kwenye kebo moja ya kuungia iliyofukiwa chini ya mizigo.

HATUA YA 5: MEZA, RAFU NA MWANGA

Ukiwa na pesa kidogo, ipeleke kwenye vitu hivi vitatu.

Meza. Simama wima ukiwa na ndala unazovaa kazini, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Toa kama sentimita 10. Hicho ndo kimo cha meza ya kufungia ukiwa umesimama. Kama kiwiko chako kiko sentimita 100, meza iwe 90. Meza nyingi za chakula zina sentimita 75 hivi, ndo maana unainama na jioni kiuno kinalalamika. Huna haja ya meza mpya. Ubao imara, hata mlango wa zamani, juu ya miguu ambayo fundi seremala ameikata kwa kipimo chako, inatosha. Hakikisha tu haitikisiki. Juu ya meza hiyo viishi mkasi, selotepu, kalamu, mifuko na stika. Mkasi ufunge kamba kwenye mguu wa meza kama inabidi, mtoto asiondoke nao.

Rafu. Vinavyouzwa sana vikae kati ya kiuno na bega, usipoinama wala kunyanyuka. Vizito vikae chini. Vyepesi na vya msimu vikae juu. Usipange kwa uzuri wa rangi, panga kwa namna mteja anavyouliza. Wateja wa viatu huuliza namba, basi panga kwa namba: 37 peke yake, 38 peke yake. Kila kapu liandike herufi na namba, A1, A2, B1, na kwenye simu yako andika kila bidhaa iko kapu gani. Hata siku unaumwa, mdogo wako atafunga oda bila kukuamsha. Mizigo isikae moja kwa moja sakafuni, hasa Pwani kipindi cha masika. Unyevu hupanda, na ukungu kwenye kiatu cha ngozi hauna msamaha.

Mwanga. Hapa ndo wengi tunapoteza wateja bila kujua. Piga picha karibu na dirisha au mlango ulio wazi, ila jua lisipige bidhaa moja kwa moja. Upande wa pili weka manila nyeupe irudishe mwanga, kivuli kipungue. Na zima taa. Ndiyo, zima. Mwanga wa dirisha una rangi yake na balbu ina rangi yake. Vikichanganyika simu inachanganyikiwa, nguo ya kijani inatoka ya bluu. Kama unapiga picha usiku, tumia balbu za aina moja tu. Angalia kwenye boksi lake: 6500K ni mwanga mweupe wa kama mchana, 3000K ni wa njano. Usizichanganye. Mteja anayeletewa rangi ile ile aliyoiona kwenye picha ndo anayerudi na kuleta wenzake.

HATUA YA 6: JARIBU KABLA YA KUTOA PESA

Usikimbilie kwa fundi bado. Chora meza mpya sakafuni kwa chaki au selotepu ya karatasi. Panga maboksi matupu yafike kimo cha rafu unayoitaka. Kisha fanya kazi hapo siku tatu. Utagundua mlango wa kabati unagonga meza, au soketi iko mbali, au unapofungia oda unaziba njia ya watoto. Kugundua hayo kwa chaki ni bure. Kugundua baada ya seremala kugonga msumari wa mwisho ni hasara.

HATUA YA 7: PIMA TENA

Baada ya wiki, rudi kwenye daftari lako la hatua ya kwanza. Angalia mambo manne tu: dakika kwa oda moja, oda zilizotumwa kimakosa, mizigo iliyorudi kwa sababu ya rangi au saizi, na mgongo wako jioni. Vikipungua, umepata. Visipopungua, sogeza tena. Sehemu nzuri ya kazi inakubali kubadilika. Biashara ya leo ya oda 5 siyo ya Desemba ya oda 30.

TAHADHARI: USIIGE PICHA

Utaona Instagram ofisi za vioo, viti vya rangi na bembea ndani. Nzuri sana. Lakini hata makampuni makubwa yameshaumia kwa kuiga.

Miaka ya 1960 huko Marekani, Robert Propst wa kampuni ya fanicha ya Herman Miller alichunguza wafanyakazi wa ofisini, akaona wamenyimwa faragha na wamegandishwa kitini. Mwaka 1968 kampuni ikatoa mfumo wake ulioboreshwa: vizuizi na meza za kuhamishika, ili kila mtu apange nafasi kulingana na kazi yake. Makampuni mengi yakachukua vizuizi vile, yakaacha wazo lake. Yakabana watu kwenye viboksi vidogo ili wengi waenee. Propst mwenyewe baadaye alisikitishwa na matokeo.

Wengine wakaenda upande wa pili, wakaondoa kuta zote ili watu waongee zaidi. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban wakachapisha walichokipima kwenye makampuni mawili yaliyofanya hivyo: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, na watu wakahamia kuandikiana barua pepe. Mtu akionekana na kila mtu, hujitafutia faragha kwa namna nyingine.

Na wewe ni hivyo hivyo. Ukijibu wateja katikati ya sebule yenye kelele, utasoma ujumbe nusu na kuandika saizi isiyo yake. Tafuta kona yako ya kujibu, hata ngazi za nje, hata chini ya mwembe, kwa muda maalumu.

KAZI YA LEO

Usinunue kitu leo. Beba daftari, jifuate kwenye oda zako tatu zinazofuata, chora tambi zako. Halafu tuandikie hapo chini: ni kitu gani umekitafuta mara nyingi zaidi? Wengi watasema mkasi au kalamu. Anza na hicho. Kipe makazi ya kudumu mezani, kesho uende kwenye kinachofuata.

Tunza post hii, na mtumie yule rafiki yako ambaye mpaka sasa selotepu anaikata kwa meno.